Yadi Mbili Ziko Feri

Ukimkuta shangazi yangu Winifrida Mtaa wa Narung'ombe anabishana na muuza nyanya, utadhani ni mama wa kawaida tu mwenye kikapu na hasira. Na kweli ana kikapu, na hasira anazo za kutosha kugawa. Ila huyo mama kwa miaka thelathini kazi yake imekuwa kuangalia picha walizochora wengine, kuchagua zipi zitundikwe na wapi, halafu kuandika gazetini kwamba hizo nyingine wangeziacha stoo. Mwandaaji wa maonyesho na mhakiki wa sanaa. Babu, aliyemleta mjini tumboni mwa bibi kutoka Masasi, alifariki akiamini binti yake anaandika habari za kalenda. Hakuna aliyemsahihisha. Mngemwambiaje?

Wambea sogeeni, nianzie pale ilipoanzia vita.

Mwaka tisini na nne. Ruksa ya biashara imeshatolewa, maduka yamejaa, redio za kila rangi, viatu vya mitumba mpaka vya kuchezea theluji, hapa hapa Bongo kwenye joto hili. Magazeti nayo yakawa yanaota kila wiki. Shangazi, miaka ishirini na sita, alikuwa msoma prufu kwenye mojawapo. Kazi yenyewe kuwindana na herufi zilizopotea.

Alhamisi moja tangazo la sabuni likaondolewa dakika za mwisho, ukurasa ukabaki na tundu. Mhariri akatoka ofisini anapiga kelele, "Nani ana kitu? Chochote!" Shangazi alikuwa ametoka jana yake kwenye maonyesho ya picha katika ukumbi mmoja wa mjini, akiwa amekasirika na hana wa kumwambia. Akakaa, akaandika.

Sentensi ya kwanza: "Nimehesabu twiga kumi na nne na binadamu wawili, na mmoja kati ya hao binadamu yuko mbali sana."

Gazeti la Ijumaa likaisha saa nne asubuhi. Mhariri, ambaye alikuwa hajui kama mji una watu wanaojali picha, akampa safu ya kila Ijumaa. Leo ungesema ameenda vairo. Enzi zile ilimaanisha wauza kahawa wanakusoma kwa sauti.

Sasa, shangazi alikuwa na staili yake ya kazi, na ndiyo iliyomponza. Hakwenda kwenye maonyesho peke yake. Alimchukua mtu wa Kariakoo, awe mchukuzi wa magunia, mama ntilie au kinyozi, akamlipia nauli, akamsimamisha mbele ya picha na kumuuliza swali moja tu: "Ungeitundika wapi?" Haulizi umeipenda, haulizi inamaanisha nini. Wapi. Halafu anaandika jibu kama lilivyo, na hukumu yake inafuata jibu hilo. Mchukuzi mmoja alisema angeitundika juu ya kitanda cha mama mkwe. Kinyozi alisema angeigeuza iangalie ukuta, "mpaka ijirekebishe." Yote yalitoka Ijumaa.

Meneja wa ule ukumbi wa twiga aliitwa Bwana Elisaria. Mtu wa tai, suruali imepigwa pasi mpaka mstari unaweza kukukata. Alivumilia miezi mitano, mwezi wa sita akaandika barua kwa gazeti: "Dada huyo hajawahi kutundika hata kalenda. Anaandaa maonyesho mdomoni tu. Na wasaidizi wake ni wabeba magunia."

Mhariri akaichapisha. Ndiyo, akaichapisha! Tena akamuita shangazi.

"Wini, mji mzima unacheka, na mimi sijajua kama wanamcheka yeye au sisi. Fanya maonyesho yako mwenyewe, watu waone. Jumapili ya mwisho ya mwezi, nitakuja na macho yangu. Yakifana, safu ni yako. Yakibuma, kuna prufu zinakusubiri."

"Yatafana."

"Ukumbi unao?"

"Nitakuwa nao."

Hakuwa nao. Alizunguka kumbi zote, kila mlango Elisaria alishapita kabla yake na neno lake. Ndipo akaishia kwa Mzee Harilal, muuza vitambaa wa Mtaa wa Uhuru, ambaye duka lake lilikuwa na kuta ndefu na Jumapili lilifungwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo kanga au kitenge?"

"Leo ukuta."

Mzee Harilal akavua miwani, akasikiliza habari yote. Akacheka taratibu. "Miaka ile ya shida, rafu zangu hazikuwa na hata leso. Kila asubuhi natoka Upanga, nafungua duka, nakaa, naangalia ukuta. Mimi ndiye niliyeanza maonyesho ya ukuta Kariakoo. Chukua Jumapili yako."

Picha kumi na mbili zikachaguliwa, hakuna twiga hata wa dawa. Ila roho ya maonyesho ilikuwa moja. Aliichora Augustino, kijana wa Newala aliyekuwa akipaka rangi majumba ya watu mchana na kuchora jioni. Turubai la kuchorea lilikuwa ghali, kwa hiyo alichora kwenye marekani, kile kitambaa cheupe cha bei nafuu, kwa rangi za kutia nguo. Yadi nane mfululizo. Iliitwa "Foleni."

Na ilikuwa foleni kweli, ya zile enzi za kusubiri sukari na sabuni. Mwisho mmoja yupo mtu wa kwanza, kafika dirishani, na muuzaji anamuonyesha viganja vitupu. Halafu watu, watu, watu, kila mmoja na sura yake. Katikati palikuwa na wanawake wanazozana kwa sababu ya jiwe. Waliokuwepo wanakumbuka: ukichoka unaweka jiwe lako kwenye mstari likushikie nafasi, unaenda kupika, unarudi. Jiwe linasogezwa pamoja na watu. Kwa Augustino, mwanamke mmoja kainua mkono, mwingine kashika kiuno, na jiwe lipo chini katikati yao, jeusi, kama linawasikiliza.

Shangazi aliapa Elisaria akisimama mbele ya picha ile atakosa pa kuweka tai yake.

Alhamisi Augustino akaileta dukani. Kwa kuogopa isipate mikunjo, aliiviringisha kwenye ubao mtupu wa jora, ule wa kuviringia vitenge. Mzee Harilal akaiweka rafuni isikanyagwe. Rafuni. Kati ya majora.

Mmeshaanza kushika kichwa? Ngojeni.

Ijumaa akarudi kazini Zahoro, muuzaji wa duka, aliyekuwa Kilwa msibani wiki nzima. Hakuna aliyemwambia kitu. Mchana Mzee Harilal kaenda Upanga kula. Akaingia mteja, Bi Zamzam, mkaanga samaki wa soko la Feri, mtu ambaye Zahoro anamjua kwa miaka na hajawahi kumuacha aondoke mikono mitupu.

Shangazi alifika saa kumi na pakiti ya misumari. Zahoro akampokea kwa bashasha.

"Dada Wini! Lile toleo jipya lina nyota! Nimeshakata!"

"Toleo gani?"

"Si hili la Zaire, lenye watu. Ajabu yake, nalifungua, nalifungua, halijirudii! Kila mtu kivyake. Nikasema wenzetu wamefika mbali."

Shangazi akaiweka misumari kwenye kaunta.

"Umekata yadi ngapi, Zahoro?"

"Mbili. Alitaka pale kati penye wanawake wanaogombana. Nikamwambia mama, jora halikatwi katikati. Akaniambia basi naenda duka la jirani. Dada, duka la jirani? Nikiwa hai? Nikakata huku, nikakata huku. Tena nimekata kwa kufuata uzi, hutaona hata mkono umetetemeka."

Kukata alikata vizuri, hilo shangazi anamkubalia mpaka leo. Mzee Harilal aliporudi alikaa kwenye kigoda, akashika kichwa kwa mikono miwili. Zahoro alipoelewa alichofanya alitaka kulia, akasema yuko tayari kwenda kununua yadi mbili nyingine. Za wapi, Zahoro?

Augustino akaitwa. Akafungua vipande viwili mezani, yadi tatu na yadi tatu, akaviangalia. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulitisha kuliko kelele.

"Dada, kesho jioni zile yadi mbili ziwe hapa. Zisipokuwepo, nachukua hizi, na wenzangu nao nitawaambia wachukue zao. Mimi sionyeshi maiti."

Kumi kati ya zile picha kumi na mbili zilikuwa za wenzake wa chumba kimoja. Fanya hesabu mwenyewe.

Jumamosi asubuhi shangazi akashuka Feri. Moshi, kelele, magamba, paka waliovimbiana, watu wa Kigamboni wanateremka kutoka kwenye kivuko na mabeseni. Hakuhitaji kumuulizia Bi Zamzam. Alimuona kwa mbali. Picha ilikuwa imesimama nyuma ya karai la mafuta, inageuza samaki.

Alikuwa ameshashona! Gauni la mikono mifupi, shingo ya duara. Fundi jirani yake alimalizia jana ile ile. Mwanamke aliyeinua mkono alikuwa kifuani. Aliyeshika kiuno alikuwa mgongoni, kwa hiyo ule ugomvi sasa ulikuwa unamzunguka Bi Zamzam kama mkanda. Na matone ya mafuta yalishaanza kutua.

"Shikamoo Bi Zamzam."

"Marahaba mwanangu. Samaki gani, changu au kibua?"

"Nimefuata hilo gauni."

"Nani kakwambia linauzwa na samaki?"

Shangazi akaeleza. Picha, makosa, Augustino, gazeti, kesho. Akasema atamlipa mara mbili, na kitenge kingine juu, cha Zaire kweli. Bi Zamzam alisikiliza huku anageuza samaki, halafu akatoa kifuani karatasi imelowa jasho.

"Risiti hii hapa. Soma. Imeandikwa nini?"

"Yadi mbili."

"Imeandikwa yadi mbili za gazeti?"

"Hapana mama."

"Imeandikwa yadi mbili za Augustino?"

Wakaangaji wenzake wakaanza kuchochea. "Mkazie Zamzam!" "Mwambie akavue na ngozi!" Mmoja akamshauri shangazi achukue walau mkono mmoja wa gauni.

Shangazi, akiwa ameishiwa, mdomo ukamtoka wenyewe kwa mazoea. Swali lake la kila wiki.

"Mama, hii picha ungeitundika wapi?"

Bi Zamzam akamuangalia kama anamuangalia mgonjwa. "Si nimeshaitundika? Mwilini."

Akaweka mwiko chini. Akashika nguo kiunoni, pale ubavuni kando ya mshono, penye lile jiwe.

"Unaliona hili? Foleni ya sabuni, mtoto wangu ana miezi minne. Nikaweka jiwe langu, nikaenda pembeni kunyonyesha. Narudi, mtu kalichukua kalitupa mtaroni, kakaa yeye. Nikarudi nyumbani bila sabuni. Jana namuona Zahoro anafungua kitambaa, jiwe langu hili hapa. Leo nimelivaa. Haya, atakayelitupa nimuone sura yake."

Akaokota mwiko, akarudi kwa samaki wake.

Shangazi anasema alipanda kilima cha Kivukoni mikono mitupu, na kila hatua alikuwa anajitukana. Miezi yote ile anawauliza watu wangetundika wapi, anaandika majibu, anawachapa wachoraji kwa majibu hayo hayo. Leo amepata jibu zuri kuliko yote, halafu anataka kulivua mwilini kwa mtu kwa sababu halimfai yeye? Hapo Elisaria angekuwa amesema kweli. Mdomo tu.

Dukani Augustino alikuwa anasubiri na kamba ya kufungia mzigo wake.

"Ziko wapi?"

"Ziko Feri. Hazirudi."

Akamsimulia yote, hata la mafuta, hakuficha. Augustino akaanza kufunga kamba kipande cha kwanza. Akafika kati, mikono ikasimama.

"Hilo jiwe limekaa wapi?"

"Kiunoni, kando ya mshono."

"Halijakatwa?"

"Zima."

Akakaa na kamba yake. Baadaye mabega yakaanza kutikisika, na Zahoro, aliyejificha nyuma ya kaunta akisubiri kipigo, alidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Tundika," akasema. "Ila nafasi yake iache. Yadi mbili kamili. Ukisogeza hata inchi nachukua vyangu."

Jumapili saa nane mlango wa chuma ukapandishwa. Wakaja watu kama hamsini: wachukuzi, jamaa wa Newala na Masasi, familia mbili tatu kutoka Upanga, wauza kahawa wasomaji wa safu. Mhariri akaja na macho yake kama alivyoahidi. Elisaria naye akaja, maana adui yako akianguka unataka kiti cha mbele.

Alipita picha kumi na moja haraka haraka. Akafika kwenye "Foleni." Yadi tatu za watu. Halafu ukuta mtupu, chokaa ya Mzee Harilal, yadi mbili. Halafu yadi tatu za watu. Kwenye ule utupu shangazi alikuwa amebandika kikaratasi cha maandishi ya mkono.

"Mhariri, njoo uone!" Elisaria akaita kwa furaha isiyo na aibu. "Maonyesho yana tundu! Dada, kitambaa kilikuisha?"

"Umesoma?" shangazi akamuuliza.

Mhariri akasoma kwa sauti: "Yadi mbili za katikati ziko Feri, zimevaliwa. Kazini mpaka saa kumi na mbili."

Duka likacheka. Elisaria akacheka zaidi ya wote. "Hiyo ni njia ya kuficha uharibifu. Picha imeharibika, imekwisha."

"Haijaisha. Inatembea. Unaogopa kutembea?"

Watu wakageuka kumuangalia yeye. Angefanyaje? Mhariri alishaanza kutoka nje. Basi msafara ukaondoka Mtaa wa Uhuru, ukakata Mnazi Mmoja mpaka Feri, watu hamsini kwa mguu, Elisaria na tai yake katikati. Mzee Harilal naye, na leso puani tangu Posta, maana samaki kwao hawaingii hata kwa hadithi.

Bi Zamzam alikuwa na wateja wake kama kawaida. Gauni lilikuwa na mafuta zaidi ya jana. Elisaria akapita watu wote moja kwa moja mpaka mbele, akainama kulichunguza.

"We baba wa tai! Foleni inaanzia kule."

"Sinunui samaki, mama. Naangalia hilo gauni tu."

"Anayeangalia na anayenunua, foleni moja. Kule!"

Akaenda kule. Mbele yake wachukuzi, mhariri, nahodha mmoja asiyejua kinachoendelea, Mzee Harilal. Nyuma yake Augustino, anayaona yote. Jua la saa tisa. Mstari unasogea kwa kasi ya samaki kuiva. Kufika katikati Mzee Harilal akashindwa na harufu. Akaokota jiwe, akaliweka pale alipokuwa amesimama, akaenda kukaa kivulini.

Mstari ukasogea. Elisaria akaliangalia jiwe, akaliruka.

Mwiko ukainuka kutoka kwenye mafuta.

"Baba! Jiwe hilo lina mwenyewe."

Feri nzima ikageuka. Elisaria akasimama mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Na yeye alikuwa mtu mzima, foleni zile alizipanga kama wengine. Akarudi nyuma ya jiwe. Mstari uliposogea tena, aliinama na suruali yake ya pasi, akalisogeza hatua moja mbele, taratibu, kwa mikono miwili.

Alipofika kwenye karai alitazama gauni muda mrefu. Shangazi akasogea karibu, kidaftari mkononi.

"Bwana Elisaria, ungeitundika wapi?"

Wote tuliosimuliwa hadithi hii tunajua alichojibu, kwa sababu Ijumaa kilitoka kama kilivyo, hakuna nyongeza:

"Nipe changu wawili, mama. Wakavu."

Prufu akapewa mtu mwingine.

Baada ya hapo shangazi ametundika maonyesho kwenye saluni, kwenye ghala la nazi, mara moja mpaka kwenye ule ukumbi wa twiga, Elisaria mwenyewe akimshikia ngazi na kulalamika kuhusu misumari. Wanabishana mpaka leo. "Foleni" haijauzwa. Alikuja mgeni mmoja kutoka nje, anaitaka kwa jumba lao la makumbusho, na pesa nzuri, sharti moja: Augustino achore upya zile yadi mbili, iwe nzima. Augustino alimuangalia shangazi, shangazi akamuangalia mgeni. "Nzima ndiyo hii," akasema. "Kama hutaki kutembea, usinunue."

Mgeni akaondoka na twiga.

Gauni lilivaliwa miaka tisa. Siku Bi Zamzam alipomtumia salamu kwamba limechanika, shangazi hakwenda kuliomba. Alitoa kile kikaratasi ukutani, akakaa, akaandika kingine, na kimebandikwa pale pale kwenye utupu wa yadi mbili, ambao kila wanapoitundika Augustino anaupima kwa mkono wake:

"Yadi mbili za katikati ziko Feri. Sasa ni vitambaa vya kushikia karai. Jiwe limebaki na mwenyewe."